Ubapa wa Chuma cha Lori

Siku ya kwanza tulipoingia dukani kwa sonara wa Nizwa, mjomba wangu alimtukana kabla hata hajakaa. Bahati njema alimtukana kwa Kiswahili. Mjomba alikuwa amechukua jambia la mtu mwingine lililokuwa likimngoja mwenyewe, akauchomoa ubapa nusu, akaupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, na uso wote ukamkunjamana.

"Hiki hakikati hata ndizi mbivu," akaniambia. "Hebu mwambie huyu bwana hana haya."

Nikamwambia sonara kwamba mjomba anasema kazi yake nzuri mno, mashallah. Sonara akaweka mkono kifuani kushukuru, na mjomba akaridhika kwamba ujumbe umefika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili miaka ile ya sabini: kutafsiri, na kudanganya katika kutafsiri. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ofisi ya serikali hapo Nizwa, nilikopata kiti kwa sababu nilijua Kiingereza na kupiga taipu. Tulikuja Oman wawili tu, mimi na mjomba. Baba yangu, ambaye asili yake ni Ibra, alikufa Unguja nikiwa mdogo, mama hakukawia kumfuata, na kaka yake mama, mtu asiye na mke wala mtoto, akanichukua akanilea. Alinisomesha kwa kisu. Alikuwa muuza nyama soko la Darajani, miaka thelathini, na hapakuwa na bibi wa mjini asiyejua kwamba nyama ya mjomba wangu haina kipande cha kutupa.

Oman jambo hilo tulilificha. Safari yangu ya kwanza kwenda Ibra, kwa jamaa wa baba, mmoja wao alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba mtu wa kabila linalojulikana hachinji kwa ujira. Wapo watu wa kazi hiyo. Nikirudi Nizwa nimwombe khali yangu, yaani mjomba, asiitaje. Nikamwomba. Tukakubaliana tuseme alikuwa mfanyabiashara.

"Si uongo," akasema mjomba. "Kwani ile nyama nilikuwa naigawa sadaka?"

Alicheka, lakini hakuwa na la kufanya. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini tu. Asubuhi nikienda ofisini, yeye alikwenda kusimama soko la nyama kutazama watu wanavyokata, na jioni alinisimulia kwa uchungu jinsi walivyolichana paja la mbuzi. Nilimwambia asiende kule, watu watamjua. Akaendelea kwenda. Mtu mzima ukimwondolea kazi yake, mchana unakuwa mrefu sana.

Ndipo likaja suala la mke. Ibra alikuwako binti wa binamu yake baba, na wakubwa walikuwa wameshalizungumza jambo hilo bila kunishirikisha, kama desturi. Nilimwona mara moja tu, akipita uani na sinia, na tangu siku hiyo nikawa sina raha. Babake alinitumia habari kwamba nije siku fulani baada ya Alasiri, na watu wangu, tumalize maneno mbele ya wanaume wa ukoo. Watu wangu! Watu wangu walikuwa mjomba.

Mwenzangu wa ofisini, kijana wa Nizwa ambaye meza yake ilitazamana na yangu, aliniuliza nina khanjar gani, ndilo jambia kwa jina lao. Nikamwambia sina.

"Huna? Utaingia sabla ya watu na kanzu tupu?" akasema. Sabla ni baraza lao la wanaume. "Watadhani umetoka kitandani."

Jioni hiyohiyo akanichukua sokoni kunifundisha namna ya kulitazama jambia, na mpaka leo nikiliona kiunoni mwa mtu macho yangu hufuata njia aliyonionyesha. Mpini kwanza. Uinue juani: pembe ya kifaru ya kweli hupitisha nuru ya rangi ya asali, na pembe ya ng'ombe iliyotiwa rangi hubaki nyeusi tititi. Kama huna uwezo wa kifaru, chukua msandali ulio mkavu, usio na ufa, wala usijifanye. Kisha zile pete za fedha zinazoshika mshipi: ziwe zimesokotwa kwa mkono, zisiwe zimemiminwa kwenye kalibu. Kisha ala yenyewe, ile ngozi iliyoshonewa nyuzi za fedha. Igeuze nyuma, maana fundi mvivu hujificha nyuma. Mwisho lipakate mkononi uusikie uzito wake.

"Na ubapa?" nikamwuliza.

Alinitazama kama niliyemwuliza rangi ya ini lake. "Ubapa uko ndani," akasema.

Sonara hata hautengenezi. Hununua bapa kwa mafungu kutoka nje, akaupachika wowote unaoingia. Nani atauona? Nilipomweleza mjomba haya, aliyapima kwanza.

"Yaani watu hawa wananunua ala, kisu wanatiliwa bure?"

Hapo ndipo ilipoanza. Mjomba alisema mtoto aliyemlea yeye hatakwenda posa na kipande cha bati kiunoni. Fedha wafanye watakavyo wao, hiyo ni mapambo, lakini kisu atakichagua yeye. Nikamwambia sonara kwamba ubapa tutauleta wenyewe. Sonara akauliza kwa nini, na mimi nikasema ni desturi ya Zanzibar. Mungu anisamehe, niliibuni desturi nzima nikiwa nimesimama.

Mjomba alichora ubapa wake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nakumbuka alivyolala kifudifudi kwenye mkeka, kalamu yangu ya ofisini mkononi, akifuta na kuchora tena: unene mgongoni, wembamba kuelekea makalini, na mpindo wenyewe auvute mbele kidogo, maana alisema huo wao unakata hewa. Akauchukua mchoro kwa mhunzi aliyekuwa pembezoni mwa soko, mtu wa miundu ya kukatia makuti ya mitende. Mhunzi alikuwa na springi ya lori bovu. Hawakuwa na neno hata moja la kuzungumza, na bado walielewana kuliko mimi nilivyoelewana na yeyote nchini humo. Siku nne mjomba alishinda pale, akivuta mivukuto, akielekeza nyundo kwa kidole, akagombana naye kwa ishara juu ya mafuta ya kuchovyea chuma. Nikirudi kazini nilimkuta ana masizi mpaka kwenye ndevu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bwana harusi. Njoo usikie." Akaupiga ubapa kwa ukucha, ukalia mlio mrefu, safi, na yeye ameinamisha kichwa akiusikiliza mpaka uishe. "Chuma kikilia hivi hakina ufa ndani. Kikilia puu, kitupe."

Jioni tatu aliunoa kwenye kinoo alichokuja nacho kutoka Unguja. Akajinyoa malaika ya mkono wa kushoto yote, mpaka mkono ukawa kama wa mtoto. Akakata kuti bichi kwa mapana, akakata msumari mwembamba na makali hayakupata pengo. Na alikuwa akiimba. Tangu tuingie Oman sikuwa nimemsikia akiimba, na sauti yenyewe mbaya, lakini nililala nikiisikiliza kwa furaha.

Tukaupeleka kwa sonara. Akaupokea kwa vidole viwili, akautazama upande huu na huu, akaniambia mimi polepole, kwa Kiarabu, ili nisije nikasema sikuelewa. Alisema chuma ni kizuri, kizuri kupita kinavyohitajika. Kisha akasema nimwambie mjomba wangu kwamba khanjar haichomolewi mbele za watu. Mwenye kuichomoa katika baraza amewaita watu vitani, au amewadharau nyumbani mwao, na yote mawili hayana dawa rahisi. "Gul-lo," akasema. Mwambie.

Mjomba alikuwa ameishika ala mpya kwa mikono miwili, anangoja. "Anasemaje?"

"Anasema chuma kizuri."

Mjomba akacheka kwa sauti, akampiga sonara begani. Ningesemaje? Nilijiambia nitamweleza nyumbani, na nyumbani alikuwa anapika, anaimba. Nikasema kesho. Kesho yake nikajiambia, jambia litakuwa kiunoni mwangu, yeye ataligusa kwa lipi? Sikutaka kumwambia mtu yule kwamba kitu pekee alichokifanya katika nchi hii ni kitu kisichotakiwa kuonekana. Huruma nyingine ni uvivu tu uliovaa kanzu.

Tukenda Ibra kwa teksi, njia ya vumbi, jambia nimelifunga khanga lisiingie mchanga. Nililivaa tulipofika nje kidogo ya mji. Ndani ya sabla walikuwako wanaume kama ishirini, wamepanga migongo ukutani. Tuliwapa mikono mmoja mmoja, tukakaa, zikaja tende na kahawa. "Shey ulum?" wakauliza, kuna habari gani, nami nikajibu kama nilivyofundishwa kwamba hakuna habari yoyote, kheri tu. Babake binti alikuwa kulia kwangu. Kando yake alikaa mzee, babu wa binti, macho yameanza kuingia ukungu. Mjomba alikuwa kushoto kwangu, mguu wake ukigusa wangu.

Mambo yalikwenda vizuri. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa mambo yalikwenda vizuri kabisa. Mzee aliinama kulitazama jambia langu kwa karibu, akalipapasa kwa vidole, pete, nyuzi, ncha ya ala. "Mashallah," akasema. "Shughl man hadha?" Kazi ya nani hii? Nikamtajia sonara wa Nizwa. Akasifu mishono. Babake binti naye akainama, akasifu pete. Mtu wa tatu akasifu msandali wa mpini.

Mjomba hakuelewa neno, lakini aliona. Aliona watu wanalikagua jambia, wanalisifu, vidole vyao vinapita juu ya fedha tu, juu ya kazi ya mtu mwingine. Nilihisi mguu wake unacheza. Nikajua kuna jambo linakuja na sikulijua ni lipi, na nilipolijua mkono wake ulikuwa umeshafika kiunoni kwangu.

Akalichomoa lote.

Mtia kahawa alikuwa amenyoosha kikombe kwa mtu, kikombe kikabaki hewani. Mkono wa kijana mmoja upande wa mlango ulikwenda kwenye mpini wake mwenyewe na ukakaa hapo. Mjomba hakuona lolote katika hayo. Alikunja mkono wa kanzu, akajinyoa malaika machache yaliyokuwa yameota upya, akayapuliza, kisha akaulaza ubapa juu ya viganja vyote viwili akamsogezea babake binti, uso wake unang'aa.

"Waambie," akaniambia. "Springi ya lori. Mwambie apige kwa ukucha asikie."

Nikatafsiri. Mpaka leo sijui kwa nini nilitafsiri. Ulimi ulikuwa umezoea, na mimi mwenyewe sikuwepo. Nikasema, katikati ya ukimya ule, kwamba ni springi ya lori na kwamba apige kwa ukucha.

Yule mzee ndiye aliyesema. Labda alitaka kuokoa jambo, sikuwahi kumjua vizuri. Aliuliza, khali yako amejifunza wapi mambo ya visu? Nikafungua mdomo niseme biashara. Mjomba alikuwa amelisikia neno la visu, asubuhi zote zile za soko la nyama zilimfunza maneno matatu manne, na akajipiga kifua.

"Qassab," akasema. "Ana qassab. Miaka thelathini, mzee wangu!"

Mimi ni muuza nyama. Alilisema kwa fahari, kama mtu anayesema mimi ni rubani.

Babake binti hakupandisha sauti. "Ruddha," akaniambia. Lirudishe. Nikaupokea ubapa kwa mjomba, nikakosa mdomo wa ala mara mbili, na mara ya pili nikajikata kidole kwa ubapa uleule. Damu ikadondoka kwenye kanzu nyeupe. Kahawa haikuzunguka tena. Tukaaga, wakatuaga, maneno yote ya heshima yakasemwa, hata moja halikurukwa.

Teksi ilikuwa imeshatoka kabisa mjini mjomba aliponigeukia.

"Nimeharibu," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na hasira hutafuta pa kutua. Nikamweleza kila kitu, jambia halichomolewi, amewatukana watu nyumbani mwao, amewaambia ni mchinjaji. Nilimweleza yote isipokuwa moja, kwamba sonara alinituma nimwambie na mimi sikumwambia. Mjomba akatazama nje. "Sikujua, mwanangu," akasema, na akalirudia hilo njiani, mji wa Sinaw, tuliposimama kuswali, na akalirudia tena karibu na Izki.

Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini watu wa ukoo wana namna yao ya kuyafuta. Baada ya wiki chache alikuja jamaa mmoja wa baba mpaka ofisini kwangu. Binti utapewa, akasema. Kwanza nipeleke lile jambia pamoja na mshipi wake, niliweke chini mbele ya babake kwa kuomba radhi, na nisiliulize tena. Nikakubali. Pili, siku ya ndoa, khali yangu asiingie. Hakuna ubaya naye, jamaa akasema, ni mtu mwema, lakini vijana wana maneno, na harusi inataka salama.

Nilikuwa na muda wa kujibu. Jamaa alikunywa chai yote, akangoja. Ningeweza kusema kwamba mtu huyu ndiye baba yangu, kwamba kosa ni langu, kwamba kila neno la Kiingereza lililonipa kiti hiki lililipwa kwa nyama aliyoikata. Nikamwona yule binti akipita uani na sinia. Nikasema, hewallah. Sawa.

Nyumbani nilimwambia mjomba kwamba ni desturi yao, siku ya ndoa huingia upande wa baba peke yake. Nilikuwa bingwa wa kubuni desturi.

"Desturi ni desturi," akasema.

Siku ya ndoa alikuja nami. Alisema atanisindikiza tu. Nilivaa jambia la kuazima la mwenzangu wa ofisini, maana langu nilikuwa nimeshalipeleka kwa babake binti, na ni mjomba aliyenifunga mshipi, tumesimama nyuma ya mgahawa mmoja karibu na pampu ya petroli, nje kidogo ya Ibra. Alilivuta kulia, akalivuta kushoto, likakaa katikati. Hakuugusa mpini. Akanifuta vumbi mabegani, akanisomea Fatiha, akaketi kwenye benchi la mgahawa na kikombe cha chai. "Nenda," akasema. "Usiwaweke watu."

Nikaenda. Nikaozwa. Wanaume walikula, walipiga risasi hewani, walinikumbatia mmoja baada ya mmoja, na nilicheka nao kwa sababu nilikuwa na furaha. Sitasema sikuwa na furaha. Saa tatu nzima, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyemtaja mjomba wangu.

Nilipopata nafasi nikatoka na sahani ya wali na nyama iliyofunikwa, nikamkuta pale pale kwenye benchi. Aliinuka aliponiona.

"Tayari?"

"Tayari, mjomba."

"Alhamdulillahi." Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu kwenye paji. Kisha akaketi, akaipokea sahani, akaiweka magotini bila kuifunua. "Wameniuliza?"

"Wamekuuliza," nikasema.

"Nani?"

"Mzee," nikasema. "Yule babu."

Uso wake ukafunguka. "Eeh! Nilijua. Yule mzee mtu wa maana." Akafunua sahani. "Ukirudi ndani mpe salamu zangu. Mwambie aniwie radhi, mimi ni mtu mzima nisiyejua. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Nikarudi ndani, mzee alikuwa pale pale ukutani, nafasi iko wazi kando yake, na sikumwambia. Yule mzee aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila Idi nilikwenda Ibra na mke wangu, nikampa mkono, nikakaa karibu naye. Na kila niliporudi Nizwa mjomba aliniuliza kama salamu zake nimezifikisha, nami nikamjibu kwamba nimezifikisha, na kwamba mzee kasema wa alaykum salaam.